Kashaija Ndani ya Bomba la Mwanga

Kila alasiri, akishamkamua Bihogo, ng'ombe wake mwekundu, Komujuni alipeleka maziwa kwa Bwana Vipimo, mkemia wa mgodi mmoja wa bati upande wa Kyerwa. Alikaa kwenye kigoda kidogo kutazama kazi, maana Bwana Vipimo alikuwa mpweke na alipenda kueleza.

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Ndani ya bomba la kioo, refu kama mkono, alitia gesi iitwayo arigoni, gesi mvivu isiyoshikamana na kitu chochote. Aliipunguza kwa pampu mpaka ikabaki ya kulamba tu, akapitisha umeme, na bomba zima likawaka zambarau. Mwanga ule ulipita kwenye kioo cha pembe tatu, ukatua ukutani umegawanyika mistari ya rangi. Kwa mistari hiyo alijua kilichomo na joto lake, bila kulifungua bomba.

"Kila kitu kina mistari yake," alisema. "Hakiazimi ya mwenzake."

Siku moja ya mwaka 1937, mvua za vuli zikiwa zimeanza, Komujuni aliingia akamkuta mumewe ndani ya bomba. Kashaija alikuwa ameketi katikati ya mwanga, mdogo kama kidole gumba, kofia yake ya kazini kichwani. Komujuni akaweka kibuyu chini.

"Nilitaka kukuuliza, mama, kama unamfahamu," Bwana Vipimo alisema. "Tangu asubuhi napata mistari isiyo ya arigoni."

"Ni mume wangu, waitu. Amekonda."

Tangu masika meneja wa mgodi alikuwa ametangaza kwamba Kashaija ametoroka kazi, amevukia Murongo kwenda Uganda. Shimo lililobomoka siku aliyotoweka lilifukiwa kabla mtu hajashuka kutazama. Nalo lililomuumiza Komujuni ni kwamba mtoro hana matanga. Kwao, mtu akifa, majembe yote huwekwa chini na watu hulala kwenye nyasi pamoja na wafiwa. Kwa Kashaija majirani waliendelea kulima, na Projestus, shemeji yake Komujuni, ndiye aliyelima karibu kuliko wote, akitema mate kila jina la kaka yake lilipotajwa. Komujuni alitaka majembe yale yawekwe chini. Hakutaka kingine.

Sauti haipiti mahali pasipo na hewa, kwa hiyo Kashaija alizungumza kwa kung'aa. Bwana Vipimo alimsoma ukutani; Komujuni alimsoma kama alivyozoea kumsoma miaka yote ya ndoa. Kashaija alieleza kwamba shimo lilipoziba hewa ilipungua polepole, naye akazoea. Sasa hewa ya kawaida ingemlemea. Hii ya bombani ilimtosha. Kisha akauliza habari za Bihogo.

"Anamuulizia ng'ombe kabla yangu," Komujuni alisema, na furaha ikamjaa kifuani.

Mistari ya buluu ikakolea ukutani. Bwana Vipimo alifafanua kwamba hukolea hivyo joto la ndani likipanda.

"Anaona haya," Komujuni alisema.

Meneja aliitwa. Aliinama, akatazama, akakiri kwamba huyo ni Kashaija na kwamba kofia ni mali ya mgodi. Lakini mfanyakazi anayeonekana nje ya shimo bila ruhusa, alisema, ni mtoro vilevile, na shimo halitafukuliwa.

Basi Komujuni akalibeba bomba mpaka nyumbani, Bwana Vipimo akimfuata na betri, nyaya na kile kioo cha pembe tatu. Walimkuta Projestus akipalilia migomba. Alimtazama kaka yake kwa muda.

"Kumbe hukuvuka," alisema.

Kashaija alififia kidogo, akang'aa tena. Projestus akalaza jembe chini, na kabla jua halijazama majembe ya majirani nayo yalikuwa yamelala. Nyasi zikatandikwa, pombe ya rubisi ikaletwa, na marehemu akawekwa kwenye kigoda katikati ya wafiwa wake. Walimlilia vizuri, bila haraka. Projestus alipopitiliza kwenye kibuyu cha pombe, mistari ya buluu ilikolea ukutani, akakirudisha. Komujuni alilia mpaka akatosheka, kisha akaegemeza shavu kwenye kioo, kilichokuwa na uvuguvugu. Alimpenda mtu yule alipokuwa mrefu, na alimpenda vivyo hivyo sasa.

Matanga yalipoanuliwa, meneja alituma mjumbe. Nafasi ya mtoro ilikuwa bado wazi, na shimo jipya lilikuwa limechimbwa ubavuni mwa lile lililofukiwa. Projestus, aliyekuwa na watoto wa kulisha, alikubali. Komujuni alimfungia ndizi za kuchoma, akamsindikiza mpaka njia panda, akasimama pale hadi alipomwona anaingia getini.

Kisha akaenda kwa Bwana Vipimo, akamwomba bomba la pili, la shemeji yake.

Bwana Vipimo alisema analo. Wakakaa pamoja kulisafisha.