Madhabahu za Mbuya

Mji wa kale kuliko miji yote duniani uligunduliwa na askari waliotumwa kuchimba msingi wa mesi ya maofisa, kwenye mteremko wa kilima cha Mbuya, ukatangazwa redioni kabla matope hayajakauka kwenye mabeleshi yao. Ndivyo mambo yalivyokwenda mwaka ule wa sabini na tano. Sukari ilikuwa haionekani na sabuni imekuwa hadithi, lakini ustaarabu wa binadamu tulikuwa nao tele. Tena ulianzia kwetu, na Wamisri waliujua kwa kuchungulia tu.

Mgunduzi rasmi alikuwa Meja Kamis. Alitazama mtaroni akaona vipande vya vyungu, kuta fupi za udongo, na mashimo ya mviringo yaliyokandikwa vizuri, kila moja lina chungu kilichozikwa hadi shingoni na majivu ndani yake. Alitafakari kwa muda wa kuwasha sigara. Kisha akasema hizi ni madhabahu, watu wa kale walikuwa wakilitolea jua sadaka hapa, na daktari wa makumbusho aletwe athibitishe.

Daktari huyo aliitwa Fadhul. Alikuwa mtu wa dharau nyingi, na dharau yake aliificha kama wenzake walivyoficha sukari. Alisomea ng'ambo namna ya kufukua kwa brashi na mwiko, tabaka baada ya tabaka, bila kuamini kitu mpaka ajue kimelala juu ya nini na chini ya nini. Pale Mbuya hakuhitaji brashi. Alipiga magoti, akachota jivu, akalinusa, na pua yake ikampeleka moja kwa moja hadi mlangoni kwa mama yake. Mgunga na udi.

Yalikuwa mashimo ya moshi. Askari wa Kisudani walioletwa na wakoloni, ambao wazao wao ndio Wanubi wa leo, walipiga kambi pale na wake zao, na kila mwanamke wa Kinubi aliyeolewa alikuwa na shimo lake sakafuni. Hutia kuni za mgunga, huketi juu yake amejifunika blanketi gubigubi, na moshi humpanda mpaka ngozi inukie, mume arudipo doria amkute kama bibi harusi. Mji huo wa kale haukumfikia umri hata bibi yake Fadhul. Askari waliochimba, wengi wao vijana wa Kinubi, walilijua hilo vizuri. Walikuwa wamekodolea macho viatu vyao huku mabega yakitikisika kwa kicheko.

Sasa kwa nini hakuna aliyesema? Kwa sababu Meja Kamis alikuwa Mnubi. Alikuwa Mnubi tangu jeshi lilipochukua nchi, siku ambazo watu wengi walilala hivi wakaamka Wanubi, maana vyeo vilikuwa vinaelekea huko. Alikariri salamu, akashona kanzu, na hakuna aliyethubutu kumuuliza mama yake alizaliwa wapi. Kumwambia mtu kama huyo kwamba hajui shimo la moshi ni kumwambia kwamba hajawahi kulelewa katika nyumba ya Kinubi. Waliomwambia hivyo, hata kwa utani, safari yao ya mwisho ilikuwa ndani ya buti ya gari.

"Daktari, hii mji ni mzee kuliko Misri?" Meja aliuliza.

"Mbali sana, afande," Fadhul akajibu, na moyoni akamcheka.

Kicheko hicho kilimnogea. Waandishi wa habari walipomfuata aliongeza chumvi, leo mji una barabara, kesho una soko, keshokutwa una jumba la mfalme. Alijiona mjanja kuliko nchi nzima. Wajinga wanadanganyana, yeye yupo pembeni anajichekea. Aibu ya kusema uongo aliwaachia wale wasiojua kuwa ni uongo.

Lakini mji wenye soko na jumba la mfalme unataka nafasi. Meja akaamuru kamba ivutwe kuzunguka mteremko wote, na ndani ya kamba ikaingia nyumba ya Mama Safinah, mjane wa sajini mmoja wa zamani, mama mzazi wa Fadhul. Mabalozi wa nchi za nje wangekuja kutazama kwanza, kisha tingatinga lipite. Kwa kuanzia, ukuta wa nyuma ulibomolewa ili wageni waone vizuri, na chumba cha mama kikabaki wazi kama kibanda cha sokoni. Fadhul alikwenda kuomba. Meja alimsikiliza kwa upole kabisa, halafu akamuuliza kama mji uko chini ya nyumba ile au hauko. Fadhul akasema uko.

Alimwendea mama yake, akamsihi ahamie mtaa wa Kisenyi kwa Jalia, dada wa mama huyo. Mama Safinah akataka kwanza kujua ni kitu gani hasa kilichopatikana huko mtaroni. Alipoambiwa alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akamgeukia mwanawe.

"Ulijua, Fadhul? Siku ya kwanza ulijua?"

Alikiri kwamba alijua. Mama hakugomba. Alimwambia siku ya wageni aseme kweli, mbele ya wazungu na kamera zao, maana mbele ya hao hawatamtia mtu kwenye buti. Fadhul akasema atajaribu. Mama akasema kama ulimi utamwia mzito, yeye atamsaidia.

Siku ikafika. Magari ya mabalozi yalipanda kutoka Nakasero, bendi ya jeshi ikapiga, na Meja akashika kipaza sauti akaeleza jinsi binadamu alivyostaarabika hapo Mbuya. Alikuwa amefikia habari ya sadaka za jua wakati moshi ulipoanza kutoka kwenye kile chumba kisicho na ukuta. Mama Safinah, ambaye hakuwa ameketi moshini tangu mumewe azikwe, alikuwa juu ya shimo lake, blanketi hadi shingoni, uso ameuelekeza kwa wageni.

Bendi, iliyokuwa ikipiga taratibu nyuma ya hotuba, ilikatika katikati ya wimbo. Askari wa Kinubi waligeuka wote kwa pamoja bila amri ya mtu, wakawapa mabalozi migongo, maana mwanamume hamtazami mama wa mwenzake akiwa moshini. Kati ya wanajeshi, Mnubi mmoja tu ndiye aliyebaki anatazama, tena ameweka mkono juu ya macho ili aone vizuri zaidi. Alikuwa Meja Kamis.

"Daktari," akasema, akampa kipaza sauti, "huyu mama anafanya nini?"

Ilitosha aseme huyu ni mama yangu. Mama alikuwa akimtazama, amemfungulia njia yote, amebakiza yeye kupita tu. Fadhul aliona kamera. Akaona pia gari jeusi lililoegeshwa nyuma ya bendi, na vijana wenye miwani ya jua walioliegemea.

"Ni mlinzi wa madhabahu, afande. Ukoo wake ndio uliobaki tangu mji ulipoanza."

Mabalozi walipiga makofi. Meja alifurahi karibu alie. Palepale akafuta amri ya tingatinga, akatangaza kwamba nyumba itahifadhiwa milele, ukuta usijengwe tena, na kila Jumamosi wageni waletwe wamwone mlinzi kazini. Akaacha askari wa kuhakikisha kwamba mlinzi hapotei.

Wageni walipoondoka Fadhul alimwendea mama yake, na, mjinga yeye, alikuwa anatabasamu. Nyumba imepona, alimwambia. Mama Safinah bado alikuwa amejikunyata ndani ya blanketi, ingawa moto ulikwishazimika.

"Baba yako ndiye mwanamume pekee aliyeniona hivi," alisema. "Ungewaacha wabomoe, ningelala kwa Jalia chini kwenye mkeka, na usingizi ungenijia."



Jumamosi ilipofika askari waliwasha kuni wao wenyewe, wakamketisha, wakageuka. Wageni walikuwa wengi na walitaka maelezo. Fadhul alitamani naye ageuke awape mgongo kama askari wale, lakini mtu wa kueleza lazima aonyeshe kwa kidole. Akaonyesha. Meja Kamis alisogea akasimama karibu naye, akamshika bega, na wote wawili wakawa wanamtazama Mama Safinah.

"Sasa sisi Wanubi," Meja akasema, "dunia yote inatujua."

"Ndiyo, afande," akasema Fadhul.