Jina la Nahodha Katembo

Kavira alikuwa amemtegea Ephraïm, na kwa mara ya kwanza baada ya mwaka mzima chakula kilimshuka kooni kikiwa na ladha.

Mtego wenyewe ulikuwa ujumbe wa sauti alioutuma kwa simu: "Ephraïm, ile filamu inaisha hii dimanche, saa tisa. Nahodha anakufa. Kama unapenda nimuite papa yako mara ya mwisho, kuya Bwera." Hakuweka salamu wala pole. Alama mbili za buluu zilitokea papo hapo, ishara kwamba kijana ameufungua, na Kavira akacheka peke yake barabarani hadi muuza chapati akamuuliza kama yu mzima.

Kumwita huyo baba hakuwa na nia kabisa. Alitaka Ephraïm atoke Kasese, aje Jumapili hiyo asimame mbele za watu, amtazame baba yake akifa bila jina. Basi. Kisasi cha namna hiyo hakiachi hata mkwaruzo, na hakuna polisi wa kukishtaki.

Anayetaka kuujua ubaya wa jambo hili lazima akijue kwanza kibanda cha video cha Musitafa, kule Bwera mpakani, nyuma ya wabadilisha pesa, kuta za mabati na benchi zilizolainishwa na makalio ya watu. Musitafa aliendesha lori miaka mingi kati ya Kasese na Butembo, kisha akaacha usukani akawa VJ, yaani mtu wa kukaa kando ya skrini na kipaza sauti, filamu ya kigeni ikienda na yeye akiisimulia kwa Kiswahili cha mpakani. Filamu yake kubwa ilikuwa ya chombo cha anga: watu waliopoteza sayari zao, wanaokotwa mmoja mmoja na nahodha mzee asiye na mtoto, anawafundisha kazi na kuwalisha meza moja. Vipindi vyake vilikuwa vingi mno, na Bwera haikuchoka.

Siku moja, wale watu wa chombo wakiwa mezani, fundi wa mitambo alicheka, na mama mmoja wa benchi la mbele akapiga ukelele. Alikuwa Jamidah, muuza vitenge wa soko la mpakani. "Anacheka kama mutoto yangu," alisema. Mwanawe alikuwa dereva, akauawa kwenye barabara ya Beni. Musitafa akauliza jina la mtoto. Kuanzia hapo fundi akawa Faruk, na Jamidah hakukosa kipindi hata kimoja. Jambo likaenea. Wakimbizi wa Beni na Butembo wakatoka misani wakaja na majina yao. Madereva wakatoka msikitini wakaja na yao. Daktari, mpishi, mpiga redio, kila mmoja akawa mpendwa wa mtu, na chombo kikajaa.

Sheria ilikuwa moja: hakuna anayemwita mfu wake mwenyewe. Kinyozi hajinyoi, alisema Musitafa. Jina litoke kinywani mwa mwingine, ndipo mfiwa ajue kwamba hakumbuki peke yake.

Kavira aliingia kibandani akiwa hana mtu duniani. Alileta jina la Bénit, mdogo wake, naye akawa rubani wa chombo. Ephraïm aliingia msimu uleule na jina la baba yake, Katembo, na Musitafa akampa marehemu cheo kikubwa kuliko vyote: nahodha. Kipindi cha siku hiyo kilipoisha wale wawili hawakuwa na pa kwenda, basi Musitafa akawaweka kwake na kuwafundisha kazi. Kupumua kwa tumbo. Kutoshindana na milio ya bunduki. "Mutu akilia kwa skrini, nyamaza," alikuwa akisema. "Hiyo kila mutu anaelewa." Walikula ugali wa bundu na mboga ya sombe sahani moja, na walipopokezana kipaza sauti, Ephraïm alimwita Bénit na Kavira alimwita Katembo. Kijana alimwita Kavira yaya, dada mkubwa, naye aliitika kwa moyo wote. Ndiyo maana iliuma.

Maana Musitafa alipougua koo na kupelekwa kupasuliwa, Ephraïm alifunga mashine ya sauti na kipaza sauti kizuri kwenye boda boda, akaenda zake Kasese kufungua kibanda. Wizi huo Kavira angeumeza. Lakini wateja wa Kasese walitaka kucheka, na mbwa yule akawachekesha kwa wafu wa Bwera. Alimgeuza Faruk mwoga, akamkojolesha suruali, akamficha chini ya meza vita vikianza. Filamu ikauzwa kwenye flashi ikiwa na sauti yake, ikarudi mpakani, na asubuhi moja kijana wa boda akaifungulia sauti yote katikati ya soko: "Faruk amejikojolea tena!" Watu wakacheka. Jamidah akakunja vitenge vyake, kimoja kimoja, akaenda nyumbani. Kibandani hakukanyaga tena.

Musitafa alirudi na uhai, sauti hakurudi nayo. Alibaki na mnong'ono wa kumfikia mtu wa pembeni tu. Kavira akarithi skrini, akawaita wafu wa wote isipokuwa wake. Rubani alipotokea alisema "kijana," akameza yaliyobaki. Mwaka mzima Bénit alirusha chombo bila jina, na kila kipindi moto wa chuki uliongezewa ukuni.

Jumamosi alimfuata Jamidah sokoni.

"Mama Faruk, kesho kuya. Ule kijana atakuya pia."

"Nikuje nione nini?"

"Uone namna mutu anaumia."

Jamidah alinyoosha kitenge ambacho hakikuwa na mkunjo. "Benchi yangu bado iko?"

"Hakuna mutu ameikalia," Kavira akamjibu, na ilikuwa kweli.

Jumapili, Musitafa akiunganisha nyaya, alimvuta Kavira karibu na mdomo wake. "Ile ujumbe umemtumia, utafanya vile umesema?"

"Hapana, Papa. Namunyima."

"Sawa. Ephraïm amekosa." Akavuta pumzi kwa shida. "Na Katembo alikukosea nini?"

Kavira akajifanya anapangusa kipaza sauti. Swali hilo lilimkera kama jiwe ndani ya wali. Mtego wa panya huingia waliokuwemo na wasiokuwemo, alijiambia. Kama marehemu wa watu amenasa, amlaumu mwanawe.

Ephraïm aliingia filamu imeshaanza. Alisimama nyuma, karibu na nguzo, amekonda kuliko Kavira alivyomtarajia, viatu vipya miguuni. Hakuna aliyemsalimu. Jamidah, benchi la mbele, hakugeuka, ila shingo yake ilikakamaa.

Hadithi ilikuwa hivi: mlango wa nyota unajifunga, chombo lazima kipite, na mtu mmoja lazima abaki nje kuushikilia. Nahodha anabaki. Kavira aliisimulia siku hiyo kuliko alivyowahi kusimulia chochote. Watu wa chombo walimlilia mkubwa wao kwenye skrini, na kila walipotamka jina, yeye alitia "Nahodha! Nahodha!" na hakuongeza kitu. Mara ya kwanza watu hawakugundua. Mara ya tatu mnong'ono ukapita kwenye benchi, vichwa vikageuka nyuma. Ephraïm alikuwa amejiziba mdomo kwa mkono. Kavira aliuona ule mkono na moyo wake ukajaa asali. Bado, alimwambia kimoyomoyo. Bado hujaonja.

Ndipo nahodha akamwita rubani kwa redio.

"Kijana," Kavira akasema, na hapo akakwama. Kipindi hicho alikuwa amekitazama mapema mara kadhaa, akitafuta kila mahali ambapo Ephraïm ataumia, na hata mara moja hakutafuta pa kuumia yeye. Mzee kwenye skrini aliita tena. Midomo yake ililitamka jina polepole, kama mtu anayejua kuwa hataliita tena, na Kavira hakuwa na kitu cha kutia mle. Jina lilikuwa kwenye ulimi wake. Halikuwa lake kulisema.

"Bénit!"

Sauti ilitoka nyuma, bila kipaza sauti, kutoka tumboni, kama wote wawili walivyofundishwa. "Bénit, mwanangu, unanisikia? Shika usukani."

Iliingia kwenye midomo ya nahodha sawasawa. Mwaka mzima, na sasa mdogo wake alikuwa na jina, mbele ya watu, chini ya mabati. Machozi yalimtoka Kavira, na yalikuwa ya hasira. Kijana hakubembeleza, hakudai chochote, hakusema nikupe unipe. Ametoa tu. Mwizi huyu! Aliiba mashine, akaiba heshima ya Faruk, na sasa anamwibia hata kisasi chake.

"Bénit, usiangalie nyuma," Ephraïm akasema, kisha akaishia hapo. Yaliyofuata yalikuwa ya kumwita baba yake kwa jina, naye hakuruhusiwa.

Kwenye skrini rubani akafungua mdomo kumjibu nahodha. Kibanda kizima kikamtazama Kavira. Musitafa peke yake hakumtazama. Alikuwa amekodolea filamu kana kwamba hajui kinachofuata. Lile jiwe likarudi menoni. Katembo alikukosea nini?

"Katembo," Kavira akasema. "Nahodha Katembo wa Beni. Papa Katembo, tunakusikia."

Huko nyuma mtu alishika nguzo ikalia. Kavira akamwachia dakika yake; haki ya marehemu ni haki ya marehemu. Lakini kama kuna aliyedhani amemaliza, hakumjua. Nahodha alikuwa bado na hotuba ndefu, uso wake umejaa skrini yote, na kinachotoka kinywani mwa nahodha huko Bwera ni shauri la VJ. Kavira akashusha sauti, akaifanya nzito, ile ya mzee aliyomtolea Katembo miaka yote.

"Ephraïm," nahodha akasema.

Vichwa vyote vikageukia nguzoni.

"Ephraïm, mutoto yangu, niko nakuona kule nyuma. Viatu muzuri. Nilikufa, bantu ba Bwera bakachunga jina yangu kama mayai. Na weye? Faruk alikufa kwa barabara moja na miye, na weye ukamuvua suruali mbele ya bantu. Miye njo nilikufundisha hivyo? Mama yake iko pale mbele. Enda. Enda mbio, mulango inafunga, sina wakati."

Siku nyingine watu wangecheka. Siku hiyo walivuta miguu yao tu ili njia ipatikane. Ephraïm alipita katikati ya benchi, akafika mbele, akapiga magoti kwenye vumbi, mwanga wa nyota ukimpita kichwani.

"Mama Faruk," alianza.

Jamidah alimzaba kofi lililosikika juu ya mngurumo wa chombo. Akamwongezea la pili. Kavira aliyasikia yote mawili kwenye kiganja chake mwenyewe, na yalikuwa matamu, wala mtu asikudanganye kwamba alijuta. Kisha Jamidah akakusanya kanga yake, akasogea kidogo, akapigapiga benchi.

"Keti hapa. Unazibia watu filamu."

Akaketi. Nahodha Katembo akafa akiwa na jina lake lote, mwanawe akimtazama, shavu limevimba, na Kavira akanyamaza alivyofundishwa, maana kwenye skrini walikuwa wanalia.

Mwisho wa yote chombo kilitua kwenye sayari ya kijani, na watu wakaanza kushuka. Kavira akawaita mmoja mmoja, daktari, mpishi, mpiga redio, na kila jina lilipata mtu wa kuitikia kwenye benchi. Akashuka fundi, anajifuta mafuta mikononi, anacheka kicheko kile. Kavira akakiziba kipaza sauti kwa kiganja na kumgeukia Ephraïm. Akangoja.

"Faruk," Ephraïm akasema.

Jamidah akamshika sikio, kama mtoto wa shule. "Sijasikia."

"Faruk! Fundi wa chombo. Hajaogopa hata siku moja!"

"Hiyo ni ya watu ya hapa Bwera," Jamidah akasema bila kuliachia sikio. "Wale ya Kasese pia wasikie. Rudia."

Akarudia hadi mabati yakatetemeka, na Musitafa, mwalimu ni mwalimu, akawa anatikisa kichwa kuisifu pumzi yake.

"Kesho utairekodi tena ile ya Kasese, vilevile," Kavira akasema kwa kipaza sauti, ili wote wawe mashahidi. "Na mashine ya Papa Musitafa iko hapa asubuhi, kabla ya chai."

"Ndiyo, yaya."

"Sijakuambia uniite yaya."

Rubani alishuka wa mwisho. Alisimama mlangoni mwa chombo, akaitazama nchi mpya, bado hajaitwa jina lake. Kavira alikuwa bado amekunja uso. Akanyoosha mkono mpaka waya ulipogoma, akamsogezea Ephraïm kipaza sauti.