Fimbo ya Derrinvoney

Watu wa chama chetu cha kufufua reli ya zamani hupenda kuwaambia wageni kwamba injini namba sita ina mzuka. Huwaambia huku wakicheka, wakiwazungusha karakana na kuuza chai. Mimi sikuwahi kucheka. Nimeiendesha mwaka mzima wa majaribio, na najua inagonga wapi na mara ngapi.

Inagonga ndani ya tangi la maji la kushoto, nusu maili kupita stesheni ya Derrinvoney, kwenye kona ya msitu wa misonobari. Ko, ko, ko. Mara tatu, kisha basi. Dessie Mulvey, mtia makaa wangu, mwalimu mstaafu mwenye maneno mengi kuliko makaa anayotupa, alisema ni kutu tu. Injini imesimama miaka hamsini nyuma ya hoteli ikinyeshewa mvua, nilitegemea nini? Baada ya wiki chache hakutaja tena kutu. Tukifika pale alivua kofia na kutazama upande wa pili.

Maana kila mtu wa njia hii anajua habari za Hughie Tiernan, aliyekuwa mtia makaa wa baba yangu. Zamani mtia makaa alikuwa akigonga ubavu wa tangi kwa koleo asikie maji yamefika wapi, na Hughie aliifanya hiyo kuwa lugha yake. Mara moja, maji yanakwisha. Mbili, yapo nusu. Tatu, yametosha. Nilipokuwa mtoto baba alikuwa akimwigiza mezani, anagonga sahani kwa kijiko na kusema kwa sauti ya puani ya Hughie, yametosha, Eugene, ndilo jina la baba. Hughie alifia kwenye kona ile tarehe tisa Novemba mwaka 1957, pamoja na abiria mmoja, Bridie Kilrane, aliyekuwa anapeleka bata wawili sokoni.

Niwaeleze jambo moja, la sivyo hamtaelewa kwa nini nimemaliza nusu ya maisha yangu kwenye grisi. Reli yetu ni moja tu, treni haziwezi kupishana njiani. Kwa hiyo kila kipande cha njia kina fimbo yake ya shaba, urefu wake kama kijiti cha kusukumia unga, na jina la kipande limechongwa ubavuni. Huna fimbo, huingii. Ukifika Derrinvoney unamkabidhi mkuu wa stesheni fimbo uliyokuja nayo, naye anakupa ya kipande cha mbele. Kama haipo, ujue kuna treni inakuja nayo. Unakaa unasubiri.

Asubuhi ile ya ukungu baba hakusubiri. Alipita Derrinvoney na injini hii hii namba sita, akakutana uso kwa uso na treni ya ng'ombe. Mkuu wa stesheni, Packie Gormley, aliapa kwamba baba hakusimama kabisa wala hakumpa kitu. Baba naye akaapa kwamba alisimama, akamkabidhi Packie fimbo ya Ardmoneen aliyokuja nayo, na Packie akampungia bendera ya kijani apite. Najua, dereva haruhusiwi kuondoka mikono mitupu hata apungiwe bendera ishirini. Lakini aliyekosea pamoja na mwenzake si sawa na aliyekosea peke yake. Na ile fimbo ya Ardmoneen, ambayo ingesema nani mwongo, haikuonekana. Stesheni haikuwepo, kwenye mabaki haikuwepo.

Baba alifukuzwa kazi. Sisi akina Shevlin tukasema Packie kaitupa ziwani, nyuma ya stesheni. Tulilisema nje ya kanisa, tulilisema baa, tulilisema sokoni, mpaka watu wakawa wanatusimulia sisi. Packie alikufa hana mtu wa kunywa naye. Baba alikufa mwaka 1984 nikiwa nimemshika mkono, na kabla hajakata kauli alirudia lile lile. "Nilimpa, Attracta."

Nilimwamini. Ningeachaje? Ndiyo maana nilijiunga na wale wendawazimu wanaofufua reli, nikajifunza kuchomelea, kutia makaa, kisha kuendesha. Tuliitoa namba sita nyuma ya hoteli ndege wakiwa wametaga ndani ya bomba lake la moshi. Na nilizozana na kamati miaka mitatu, mpaka wakakubali maneno ya kibao cha shaba kitakachofunuliwa stesheni ya Derrinvoney Jumapili ya ufunguzi: kwa kumbukumbu ya Hughie na Bridie, waliokufa baada ya mkuu wa stesheni kupokea fimbo na kuruhusu treni kupita kwa makosa.

Mkuu wa stesheni wa Derrinvoney siku hizi ni Malachy Gormley, mwana wa Packie. Anajitolea kama sisi sote, na huvaa kofia ya baba yake. Kikaoni aliulizwa kama ana pingamizi. Akasema wazee wote wawili wako kaburini, hakuna kati yao atakayekisoma, wekeni. Wenzangu waliinamisha macho. Mimi, Mungu anisamehe, niliona nimeshinda.

Alhamisi kabla ya ufunguzi nilibaki peke yangu karakana. Nilikuwa nimechoka kugongewa. Nikamwaga maji yote ya tangi la kushoto, nikaingiza kichwa na tochi, nikafungua lile bati la ndani linalozuia maji yasiyumbe. Nyuma yake kulikuwa na tope la kutu la miaka na miaka, maji mapya yamelilainisha. Nikazamisha mkono mpaka begani. Vidole vikagusa kitu laini, cha mviringo, na herufi ubavuni.

Nilijua kabla sijakitoa. Nilikipangusa kwa kitambaa, nikasoma: ARDMONEEN – DERRINVONEY.

Kifuniko cha tangi lile kinafungwa kwa skrubu. Kitu hakiwezi kuingia chenyewe. Mtu alipanda, akafungua, akaidumbukiza, akafunga. Na baba yangu alikutwa siku ile amelala juu ya tangi la kushoto, mguu umevunjika mahali pawili. Sisi nyumbani tulikuwa tukisimulia kwa fahari kwamba alijikokota mpaka juu akimtafuta Hughie. Hughie alikuwa chini, amebanwa kwenye makaa, na alikaa hai karibu saa nzima.

Nilikasirika. Nilimtukana baba yangu kwa sauti kwenye karakana tupu, kwa matusi aliyonifundisha yeye mwenyewe. Kisha nikamhurumia, nikamwona pale juu anavyokaza skrubu na ule mguu uliovunjika. Kisha nikafikiria Hughie anavyosikia mtu anapanda juu yake, akidhani anakuja kumtoa. Hapo hasira ikarudi upya.

Mlango ukafunguliwa, akaingia Malachy na chupa ya chai na mkate wa nyama baridi, maana anajua nikishika kazi sili. Nikaichomeka fimbo ndani ya ovaroli haraka. Akaniuliza kama nimekiona kinachogonga. Nikamwambia ni nati, nati kubwa tu ilikuwa imelegea. Akacheka, akasema basi Hughie amepata mapumziko, watalii watasikitika. Akanimiminia chai. Nilikunywa ile chai shaba imenigusa tumbo, baridi mpaka leo naisikia.

Siku mbili nilishindana na dhamiri yangu, na dhamiri ikashindwa. Nani anajua? Hakuna. Nani ataumia? Wamekufa. Nikapata wazo ambalo mpaka leo linanitia haya: Jumamosi, kwenye safari ya mwisho ya majaribio, tukisimama Derrinvoney, nitazunguka nyuma ya stesheni niitupe fimbo ziwani. Itakuwa pale pale tuliposema iko. Uongo wetu utakuwa kweli, na kibao kitabaki.

Jumamosi mvua ya rasharasha ilikuwa inanyesha. Nilibeba fimbo kwenye mkoba, chini ya sweta. Dessie aliongea njia nzima kuhusu keki za ufunguzi, sikumsikia. Tulifika Derrinvoney, nikafunga breki, nikamkabidhi Malachy fimbo ya siku hizi kama kawaida, akaingia nayo ofisini. Kibao kilikuwa ukutani tayari, kimefunikwa kitambaa cha kijani. Dessie akashuka kunyoosha mgongo, akaacha koleo lake limeegemea mlango wa tanuri.

Nikachukua mkoba. Nilikuwa nimeshateremsha mguu mmoja.

Ko. Ko. Ko.

Injini ilikuwa imesimama. Maji yalikuwa yametulia. Ndani ya tangi hakukuwa na kitu, niliingiza humo mkono wangu mwenyewe na tochi yangu mwenyewe. Na hatukuwa kwenye kona. Kona ilikuwa bado nusu maili mbele. Nilitazama koleo, halikuwa limetikisika. Pua yangu ikasikia harufu ya nyasi za ng'ombe na manyoya yaliyoungua.

Dessie alikuwa jukwaani mweupe kama karatasi. Malachy alitoka ofisini taratibu, ameshika fimbo ya kipande cha mbele, anatazama tangi.

"Si ulisema ilikuwa nati?" akaniuliza.

Nilisimama pale kwenye ngazi, nimeshika mkoba, na sikuwa nafikiria baba hata kidogo. Nilikuwa nafikiria yule mtu chini ya makaa, ambaye baada ya miaka hamsini na minne alikuwa akituambia neno moja tu, na sisi tukamfanya kichekesho cha watalii. Mara tatu, yametosha.

Nilishuka. Nilifungua mkoba, nikaondoa sweta, nikamnyooshea fimbo kwa mkono wa kulia, kama inavyotakiwa.

"Malachy, baba yangu hakumpa baba yako," nikasema. "Nakupa mimi."

Alifikiri ninamtania. Kisha akaipokea, akaigeuza, na kwa kuwa sheria inataka mpokeaji asome jina kwa sauti, akalisoma. Ardmoneen mpaka Derrinvoney. Akalisoma tena, taratibu zaidi. Nikamweleza ilikuwa wapi. Nikamweleza kifuniko, skrubu, mguu uliovunjika. Nikamweleza pia nilikuwa nakwenda wapi na ule mkoba, maana nilikuwa nimechoka kuwa mtoto wa baba yangu.

Alikaa kwenye benchi, kofia ya Packie magotini.

"Nilikuwa na miaka kumi," akasema. "Kila kiangazi nilikuwa nazama ziwani kuitafuta. Miaka sita, Attracta. Na kila nikizama namwomba Mungu nisiione."

Nilisema najuta. Lilikuwa neno dogo sana.

"Mzee alikuwa anakaa ukingoni na taulo langu," akaendelea. "Alijua natafuta nini. Hakuniambia hata siku moja kwamba haimo. Alinikausha nywele tu, tukaenda nyumbani kula."

Dessie alijitia kukagua magurudumu.

Malachy aliinuka. Ofisini kwake kuna kulabu mbili za zamani za fimbo, na moja ilikuwa tupu tangu 1957. Hata tulipokarabati jengo hakukubali tutundike kitu pale. Niliisikia shaba ikigusa chuma. Akarudi, akaninyooshea fimbo ya kipande cha mbele, nami nikasoma jina la kipande kwa sauti.

Lakini sikupanda. Nilimwomba dakika tano, nikachukua spana ile ile niliyofungulia bati la tangi, nikaenda ukutani na kuvuta kile kitambaa cha kijani. Maneno yangu yote yalikuwepo, yameng'arishwa vizuri. Nati zilikuwa nne. Nilipofika ya tatu kibao kikaanza kuinama, na Malachy akaja akakishika kwa chini kisianguke, akanisubiri nifungue ya nne.