Askari wa Madoa

Rahel alikuwa anakamua mbuzi nyumbani kwake Mitundu alipoletewa habari kwamba kampuni ya chanjo imekuja na lori kumchukua Madoa. Aliweka kibuyu chini, akajifunga khanga kiunoni, akashika njia ya kwa Simeoni huku akisonya.

Madoa alikuwa ng'ombe wake, ila alikaa zizini kwa Simeoni. Ndivyo wanavyofanya wafugaji wa huko: mali haiwekwi zizi moja, ugonjwa ukija usije ukakomba yote. Anayetunza hunywa maziwa, ng'ombe hubaki wa mwenyewe. Wataalamu wa kampuni hawakulijua hilo. Walipokuja mara ya kwanza walimkuta Simeoni na fimbo yake, wakadhani ndiye mwenye mali, wakamwomba ruhusa ya kumchoma Madoa sindano, naye akaona haya kuwakatalia wageni.

Walikuwa wanajaribu chanjo ya vinasaba kwa ng'ombe wachache wa kijiji. Hawakuchoma ugonjwa wenyewe, walichoma maelekezo yake tu. Nyama ya ng'ombe ikayasoma, ikachora sura ya sotoka, ule ugonjwa unaofyeka ng'ombe, na askari wa mwili wakajifunza kuitambua. Tangu hapo, ukiegemea ubavu wa Madoa ulisikia buti zikipita na filimbi ya kubadilishana zamu. Simeoni alilalamika tu kwamba kelele hizo zinamsumbua wakati wa kukamua.

Sotoka ilipoingia, ng'ombe walitoa machozi, wakaharisha, wakaanguka. Madoa alisimama katikati yao akicheua. Askari wake hawakutoka kulinda wengine, hawakuwa na amri hiyo. Watu walipoomba chanjo, kampuni ilijibu kwamba hizi ni zama za soko huria: itakuja dukani, mwenye uwezo atanunua. Bwana mifugo wa serikali alikuwa ameshapunguzwa kazini.

Sasa walitaka kuwachinja wale waliochanjwa, waone huko ndani walivyopona.

"Shikamoo mama," mtaalamu alisema Rahel alipofika zizini, kamba ya Madoa mkononi.

"Marahaba. Iachie hiyo kamba."

"Simeoni alisharuhusu, mama."

"Simeoni anakunywa maziwa. Ng'ombe ni wangu. Mimi mliniuliza lini?"

Simeoni aliinamisha kichwa. "Nisamehe dada. Sikujua sindano inakuja na kisu."

Mtaalamu akavuta kamba.

"Sitaki," Rahel alisema.

Filimbi ikalia ndani ya Madoa. Buti zikakimbilia shingoni, ngozi ikapanda joto mpaka kamba ikaungua na kukatika. Mtaalamu akajaribu kumshika pembe, mkono ukamvimba hadi kiwiko. Aliutazama, akawaambia wenzake kuwa kinga imetambua zaidi ya ilichofundishwa, na hilo ni jambo la kuripoti. Kisha akaomba maji ya kunawa.

"Ripoti na hili," Rahel alisema. "Mkirudi, mje na sindano za ng'ombe wote. Mkija na kisu, mtanikuta."

Watu wa kampuni walipakia ng'ombe wa watu wengine, wale ambao wenye mali walikuwa wamekubali. Filimbi zilisikika chini ya turubai, za askari waliokuwa wakisubiri amri, na wenye ng'ombe walitazama chini.

Rahel alimswaga Madoa barabarani. Lori likamfikia kwa nyuma, likapiga honi, likapiga tena. Wale ng'ombe wa lorini walikwenda kuchinjwa vilevile. Ila walikwenda mwendo wa ng'ombe, jua likiwaka, kwa sababu Rahel alitembea na Madoa katikati ya barabara, mbele ya lori, na hakupisha.