Kimya kama Mpunga

Jamani, dada yangu Uyên kafaulu Kiingereza! Ila msishangilie bado. Kilichotokea jana mezani, mpaka sasa nywele zimenisimama.

Bibi yetu Khuê alikuwa akifundisha Kiingereza sebuleni kwetu hapa Nam Định, Vietnam, mpaka alipofariki mwaka jana. Mtu akikosea hakumfokea. Aligonga meza kwa kijiti chake cha kulia chakula, ko, ko, basi, ujue mwenyewe pa kurudi. Tulipomzika, vijiti vile tuliviweka kwenye madhabahu ya nyumbani, hapo hapo sebuleni, chini ya picha yake.

Kilichomshinda Uyên ni nyakati za vitenzi. Kwa lugha yetu kitenzi hakibadiliki: bibi dạy jana, bibi dạy leo, yaani kufundisha, neno ni lile lile. Kiingereza kinakushika shati useme, jambo limekwisha au bado? Alishaanguka mtihani huo, na safari hii ndiyo ilikuwa ya mwisho. Akikosa, chuo hakimpi shahada, na nafasi ya ualimu aliyowekewa anapewa mwingine.

Siku moja kabla ya mtihani nilikuwa namsomea maswali pale pale sebuleni. Likaja hili: bibi yangu nukta nukta katika chumba hiki maisha yake yote. Alifundisha, au amefundisha?

"Amefundisha," akasema.

"Weee! Ukisema hivyo Mwingereza atadhani bibi yuko hai."

"Kwani nani kakwambia hayupo?"

"Dada, usianze."

"Miên, nikiandika 'alifundisha' ni kama namfukia tena. Mkono unakataa."

Akaandika "amefundisha".

Ko, ko.

"Mama, acha kugonga, tunasoma!" nikapiga kelele. Halafu nikakumbuka mama yuko sokoni.

Tukatazamana. Uyên kawa mweupe kama chokaa. Akafuta taratibu, akaandika "alifundisha". Kimya. Moshi wa ubani unapanda zake tu.

"Kaniambia mwenyewe," akasema, machozi yanamtoka. "Kaniambia niseme imekwisha."

Kesho yake akaenda kwenye mtihani, na kila penye jambo lililokwisha akalimaliza kweli kweli, bila huruma. Kisha ikaja misemo ya kufananisha. Kimya kama nini: panya, mpunga, au barafu? Waingereza wanasema panya. Sisi tunasema mpunga, na watunga mitihani wanajua, wanautega hapo makusudi kwa ajili yetu. Bibi alituonya juu ya mtego huo mpaka tukachoka. Lakini ni bibi huyo huyo, tukinuniana mezani, aliyekuwa anasema, "Mbona mko kimya kama mpunga, mmegombana?" Uyên anasema alimsikia kabisa sikioni, na kalamu ikaenda yenyewe.

Jana ndiyo umetimia mwaka tangu bibi afariki. Mama kapika wali wa kunata, kuku wa kuchemsha na supu ya machipukizi ya mianzi, bakuli la bibi limewekwa mahali pake. Majibu yakaingia kwenye simu wakati tunapakua. Nilirukaruka mpaka mama akanitishia upawa.

"Mama karibu ule," mama akamwambia mkwewe kwenye picha.

"Bibi karibu ule," tukaitikia mimi na dada.

Uyên akasogea madhabahuni. "Bibi, nimefaulu. Nyakati zote nimepata."

Hakuna kitu. Hata jivu la ubani halikudondoka. Nilimwona dada mabega yakishuka.

"Basi amepumzika," mama akasema polepole. "Alikuwa anasubiri hilo tu."

"Ila nilikosa moja," Uyên akasema, kama anayejisemea. "Kwenye misemo. Nilichagua mpunga."

Ko, ko.

Upawa ukamtoka mama mkononi. Kule madhabahuni vijiti vilikuwa vimelala pamoja tangu asubuhi, mimi ndiye niliyevifuta vumbi. Sasa kimoja kilikuwa kimejitenga, ncha yake iko ukingoni mwa madhabahu.

"Panya, bibi," Uyên akasema. "Kimya kama panya." Halafu akanigeukia. "Miên. Lile swali la bibi tulilojipimia. Kama bado anatusahihisha, hivi tulipatia kweli kuandika 'alifundisha'?"

Mama aliokota upawa, akaupangusa, akaenda kuliongeza wali bakuli la bibi.

"Kaeni," akasema. "Bibi yenu anakula."