Pamba Mfukoni

...na kisu chenyewe hakikati, kinateleza tu juu ya ganda, utomvu wa ndizi umenigandia vidoleni mpaka umekuwa mweusi, na Mama Theresia ananiambia menya, Furaha, menya tu mwanangu, mwenyekiti wa kijiji ameshapanda pikipiki, yuko njiani, kama vile hao waliosimama uani wamekuja kula, kama vile siwasikii, nawasikia vizuri sana, "Pamba kaiweka mfukoni, nimeona kwa macho yangu haya!" huyo ni Mwanvita, mama yake Raya, huyuhuyu jana alinipa muwa, akacheka mpaka akakaa chini alivyoniona napanda mlima kwa mikono na miguu, leo ana panga... panga la shambani, kila mtu huku anatembea na panga, usianze, Furaha, usianze... lakini pamba kweli iko mfukoni, ndiyo balaa lenyewe, iko hapa kwenye mfuko wa sketi, naihisi pajani kama ina moto, damu ya mtoto wa watu, asubuhi kijitoni Raya alikanyaga chupa, nikamfuta, nikamfunga kitambaa, na pamba nikaitia mfukoni maana ningeitupa wapi, kwenye maji wanayokunywa? ningemwachia mtoto aishike?... mama yangu alinilea hivyo, uchafu wako ondoka nao, sasa malezi mema yananiua, "Na vichupa vyake mmeviona? Vyekundu vyote!" ni udongo, jamani, ni maji ya chemchemi niliyochota nikayapime, mvua imenyesha, maji yote ya mlima huu ni mekundu, nendeni mkatazame... lakini nani atakwenda kutazama. Wiki ya kujitegemea, ndivyo chuoni walivyoiita, kila mwanafunzi aende anakotaka akachunguze anachotaka, wenzangu tuliotoka nao Kenya wamebaki Morogoro mjini wanahoji wauza nyanya na kulala hosteli, mimi nikajifanya shujaa, eti chemchemi za Uluguru, na Mwalimu Wilfred alinikanya, ukifika Matombo, kabla hujavua viatu, nenda ofisi ya kijiji ukajitambulishe, nikaitikia ndiyo mwalimu, nikafika na mvua, nimechoka, Mama Theresia akanipa uji, nikasema si nimeshakaribishwa, kwetu Kaloleni ukishapewa maji ya kunywa umekuwa mtoto wa nyumba ile... kumbe hapa mgeni ambaye mwenyekiti hamjui hajakaribishwa, amefichwa, na aliyemficha ni huyu mama anayemenya ndizi mbele yangu. "Oya, atoke nje bwana, tumuone!" sauti ya kijana, na wengine wanamwitikia, na neno lenyewe limeshatoka sasa, mumiani, limetoka mara moja tu, kwa sauti ya chini... Moto uko hapa, mafiga haya hapa, hatua moja, ningeitupa pamba ikaungua na hakuna pamba tena, nani atathibitisha, au nyuma ya jiko, migomba inaanzia hapohapo ukutani, inashuka mpaka kijitoni, na ukivuka kijito kuna barabara, ningekimbia, nina miguu, nani angenishika kwenye mteremko... na Mama Theresia? wangemkuta peke yake na kisu cha ndizi, mimi ningekuwa mjini naoga, yeye yuko hapa, kesho yupo, mwakani yupo, namtazama mikono, ndizi aliyoishika ni ileile tangu waje, ameimenya mpaka imebaki kijiti, mikono inatetemeka, naye anasema menya, menya tu mwanangu... nimewahi kuona mikono hiyo. Bibi. Bibi mlangoni, Kaloleni, mimi chini ya kitanda na vumbi puani, nje kuna mwanamume na mkoba na vifaa vya kupimia, labda alikuja kupima barabara, labda mbu, sitajua, na Bibi ameshika panga kwa mikono miwili nalo panga linatetemeka, Bibi yangu ambaye hakuwahi kuchinja kuku mwenyewe, aliniambia kaa humo, usitoe hata pumzi, alikuwa anaogopa, jamani, alikuwa anaogopa kwa ajili yangu... na yule mtu akaona panga akakimbia. Basi. Mpaka anakufa Bibi alisimulia, angekuwa mtu mwema angekimbia nini? Na sisi wote tukaamini alikuwa mumiani, hata mimi, hata nilipoingia sekondari, kwa sababu alikimbia... Mwanvita, kumbe Bibi ni wewe. Raya yuko chini ya kitanda sasa hivi, ana vumbi puani, ameambiwa asitoe pumzi.

Naingiza mkono mfukoni, Mama Theresia anaona, kisu chake kinasimama, "Ndiyo hiyo?" ananong'ona, namwambia ndiyo mama, anafanya ishara ya msalaba, "Mama yangu, itupe motoni, haraka, kabla mwenyekiti hajafika," na mkono wangu unataka, Mungu anajua unataka, umeshaanza kwenda... hapana mama, nasema, wakiuliza iko wapi nitawaonyesha nini, majivu? anavuta kigoda chake kidogo, kidogo tu, goti lake linagusa langu, "Haya, kaa hivyohivyo," anasema, pikipiki bado haisikiki, ni mvua tu inayodondoka kwenye migomba na watu wanaopumua uani, "Mbona wamenyamaza humo?" anauliza Mwanvita, na sauti yake, sasa naisikia, ina machozi... naogopa, miguu inaniambia kimbia, nami naigeuza miguu hiyo ielekee mlangoni, naweka pamba juu ya kiganja, kiganja wazi juu ya goti, mahali ambapo yeyote atakayeingia ataiona kabla hajaniona mimi, tazama, Bibi, tazama, nimekaa.