Magunia ya Kuangalia Tu

"Haya, sema mimi ni mwizi," Joyline alimwambia jirani yake Habon, "lakini huo wali ulikuja kwangu na sufuria yake, na mimi kwako sijakanyaga tangu Jumapili."

"Sufuria ina miguu?" Habon akauliza.

Habon huuza vitambaa stendi ya Kendu Bay, na kushindwa kwa maneno si kazi yake. Ila yeye mwenyewe, asubuhi hiyo, alikuta omena, dagaa wa ziwani, kwenye kabati lake la ukutani, na omena haijawahi kulala kwake. Wakarushiana maneno mpaka wapangaji wa ploti nzima wakatoka nje, kila mtu na kilichomkuta. Sheila alishika uji wa mtoto wa Fanuel. Fanuel alishika sidiria, na hakuna aliyejitokeza kuidai.

Ikabidi aitwe Walter, fundi wa kampuni iliyokodi vyumba viwili hapo. Cha kwanza iliweka seva. Cha mwisho iliweka hifadhi, sanduku kubwa la diski ambamo seva zote zingechota data. Mwenye ploti alikataa dari lake lipasuliwe, kwa hiyo waya wa faiba ulipita ndani ya makabati ya wapangaji, chumba hadi chumba.

Walter aliangalia swichi inayounganisha seva na hifadhi, akasema hakuna kilichoharibika. Kwa kawaida kila seva huonyeshwa fungu lake la hifadhi, mengine yakafichwa. Yeye hakuficha. Kwao Sindo, mama zake watatu walipika kila mmoja jikoni kwake, chakula chote kikapelekwa duol, nyumba ndogo ya baba yake, kikaliwa pamoja. Alipoona seva nyingi na hifadhi moja, mkono ulienda wenyewe.

"Makabati nayo yamejiunga," alisema, akaomba chai.

Watu wakazoea upesi, tena kwa raha. Aliyepika mapema alilisha aliyechelewa. Ikajulikana nani hununua nyama na kujidai amefunga, na sidiria ikapata mwenyewe, na harusi ikaanza kupangwa.

Kisha Joyline akafungua kabati kutafuta chumvi, akakuta mahindi. Kabati lilikuwa dogo, magunia yalikuwa mengi, na yalitosha. Kila gunia lilikuwa limepigwa chapa: msaada wa mafuriko, si ya kuuzwa.

Nyumba ya Joyline ilikuwa imemezwa na ziwa, ndiyo maana alikuwa anapanga hapo na wanawe. Kila alipomuuliza Machuki, mwenyekiti wa kamati ya msaada na mpangaji mwenzao, aliambiwa lori bado liko njiani. Sasa hakuuliza. Alikumbatia gunia moja akaanza kulivuta.

Machuki alitokea na shati lililopigwa pasi, simu sikioni, anaongea na mkubwa wa Walter. Alimwambia Joyline kamati itakaa. Akampa Walter simu. Walter alisikiliza, akafungua laptopu, akabonyeza kidogo. Gunia lilibaki palepale mbele ya Joyline, ila mikono yake ililipenya ikakutana.

"Mwenyekiti amepewa fungu lake peke yake," Walter alimwambia, macho chini. "Nyinyi ni kusoma tu. Kuangalia unaangalia, dada. Kubeba ndio hapana."

Walimwita chifu. Alikuja, akachungulia makabati yote, akasema ni mahindi safi sana, akamuuliza Walter kama faiba inaweza kufika kwake.

Tangu hapo ploti ilikuwa ikitazama magunia yakipungua. Mke wa Machuki alikuwa ameenda Ntimaru kupokea wanunuzi wa mpakani, na kila lori lilipoondoka, makabati yalionyesha nafasi. Watoto wa Joyline walianza kuweka viatu humo, katikati ya mahindi, na viatu havikupata vumbi.

Jioni gunia la mwisho lilipotoweka, ploti yote ilikuwa imejazana kwa Joyline, wengine kitandani, wengine juu ya ndoo, wakibishana rangi ya gauni la harusi. Mlangoni alisimama Machuki, simu juu, kama anayetafuta mtandao. Fungu lake lilikuwa peke yake kweli: tangu Walter abonyeze, hakuna sahani ya mtu iliyofika kwenye kabati lake, na yeye kupika hajui.

Joyline alitoa viatu vya wanawe kabatini, akafunga. Akaangalia mlangoni.

"Mwenyekiti, ingia ukule," alisema. "Ni samaki, mbuta peke yake. Unga ya kusonga hatuna."

Fanuel alisogea, nafasi ikapatikana.